Alama Si Sababu: Historia Fupi ya Istilahi za Kolajeni na Jeni Zake

Utangulizi

Miongoni mwa matini zinazowasumbua wafasiri wa Kiswahili siku hizi ni zile za tiba zinazotaja jeni. Si kwamba maneno hayapo. Neno jeni limekwisha kuzoeleka, neno protini hufundishwa shuleni, na hata neno kolajeni limeingia madukani kwa njia ya vipodozi. Taabu huanza pale mfasiri anapokutana na maelezo ya namna hii: kwamba jeni fulani inayohusiana na kolajeni yaweza kuwa kiashirio cha ugonjwa na pia shabaha ya dawa. Kila neno katika maelezo hayo lina historia yake, na asiyeijua historia hiyo huweza kuyaelewa maelezo yote kinyume.

Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, kisha tutoe mapendekezo. Tunaandika tukiwa Jang'ombe, katika Ng'ambo ya mji wa Unguja, na mahali hapa panahusika na hoja yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, uliichukua lahaja iliyosemwa katika mji huu. Itakuwa ajabu basi ikiwa mtu wa Jang'ombe atapewa karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa lugha iliyotokana na vinywa vya wazee wake, naye ashindwe kujua kama ameambiwa kuwa ni mgonjwa, au kwamba amerithi ugonjwa, au kwamba amepimwa tu na majibu yanangojewa.

Hoja yetu ni moja. Alama inayoonyesha ugonjwa, sababu inayouleta ugonjwa, na mahali dawa inapolenga ni mambo matatu mbalimbali. Mara nyingine hukutana katika kitu kimoja, aghalabu hayakutani. Lugha isiyoyatenga humpotosha mgonjwa, hata kama kila neno lake ni fasaha.

1. Kiseyeye katika pwani yetu

Kolajeni ni protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwa binadamu. Hukadiriwa kuwa kati ya robo na theluthi ya protini zetu zote. Ndiyo inayoipa ngozi uimara, inayoshika mifupa na meno, inayofanya kano zisikatike, na inayojenga kovu pale jeraha linapopona. Waswahili hawakuwa na jina la kitu hicho, kwa kuwa hakionekani kwa macho. Lakini walikuwa na jina la ugonjwa unaotokea kinapokosekana, nao ni kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidonda vya zamani hufumuka upya.

Ugonjwa huo umo katika historia iliyoandikwa ya pwani yetu. Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, baadhi ya mabaharia wake walikuwa wagonjwa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa habari za safari ile aliandika kwamba kupona kwao kulitokana na hewa nzuri ya mji. Walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 wakafa kwa maradhi yale yale. Walipofika Malindi mwezi wa Januari mwaka 1499 wagonjwa walitamani machungwa, na mengi wakaletewa. Hata hivyo wengine walikuwa wamekwisha kudhoofika mno, wakafia pale. Baadaye wakapita karibu na kisiwa cha Unguja wakielekea kusini.

Kisa hiki kina mafunzo kwa mtu wa istilahi. Mabaharia wale waliiona alama, yaani fizi zilizovimba. Dawa yenyewe waliila. Lakini sababu hawakuijua, wakaisifu hewa. Hata daktari James Lind alipowajaribu mabaharia 12 mwaka 1747 na kuona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi, yeye naye hakujua kwa nini. Ilibidi kungoja hadi karne ya 20 ndipo vitamini C itambuliwe, na baadaye ndipo ikajulikana kwamba bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuziimarisha nyuzi za kolajeni. Kwa hiyo dawa yaweza kufaulu wakati sababu haijajulikana, na alama yaweza kuonekana wazi kwa karne nyingi bila kumfundisha mtu sababu.

2. Gundi na kamba

Jina kolajeni lilianzia Ulaya katika karne ya 19. Asili yake ni neno la Kiyunani kolla, lenye maana ya gundi, pamoja na kiishio chenye maana ya kuzaa au kutoa. Sababu ya jina hilo ni ya jikoni na karakana: ukichemsha ngozi, kwato na mifupa ya ng'ombe kwa muda mrefu unapata gundi ya seremala. Kilichokuwamo ngozini na kikazaa gundi ndicho kilichoitwa kolajeni.

Wako wanaopendekeza kwamba tutafsiri asili hiyo moja kwa moja na kuiita protini ya gundi. Hatuungi mkono pendekezo hilo. Gundi hupatikana baada ya kolajeni kuharibiwa kwa moto. Katika mwili ulio hai kolajeni haigandishi vitu, bali huvifunga kama kamba. Mwaka 1954, G. N. Ramachandran na mwenzake Gopinath Kartha, wakiwa Madras nchini Uhindi, walitoa kielezo cha kwanza cha umbo lake la nyuzi tatu. Kielezo hicho kilisahihishwa baadaye, lakini msingi wake ulithibitika: minyororo mitatu imezungukana, kila mmoja umejipinda upande mmoja, na yote mitatu pamoja imesokotwa upande mwingine.

Mtu aliyewaona akina mama wa Unguja wakisokota kamba za makumbi hahitaji maelezo marefu. Kila uzi husokotwa upande wake, kisha nyuzi huunganishwa kwa kusokotwa upande wa pili, na kule kupingana ndiko kunakozuia kamba isifumuke. Umbo hilo, kwa maoni yetu, tuliite msokoto-tatu. Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa, kwa sababu kazi yenyewe imo mikononi mwa watu wake, na kitenzi cha kusokota kimekwisha kubeba maana yote inayotakiwa.

Jina la protini yenyewe, hata hivyo, na libaki kolajeni. Limekwisha kuenea, na linalingana na umbo la maneno mengine ya sayansi. Lakini hapo hapo pana mtego unaofuata.

3. Jeni, kolajeni na nasaba

Msomaji mpya akiona maneno jeni na kolajeni katika mstari mmoja huweza kudhani kwamba kolajeni ni aina ya jeni. Mwalimu anayefundisha jambo hili hana budi kuliondoa kosa hilo tangu mwanzo. Maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiyunani wenye maana ya kuzaa, lakini yamepita njia tofauti. Kiishio cha kolajeni ni sawa na kile cha oksijeni na haidrojeni, yaani kitu kinachotoa kitu kingine. Neno jeni peke yake liliundwa mwaka 1909 na Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, kutaja kile kinachobeba sifa za urithi. Jeni ni maagizo; kolajeni ni kitu kilichojengwa kwa kufuata maagizo. Kwa hiyo husemwa jeni ya kolajeni kama vile husemwa ramani ya nyumba, na hakuna anayelala ndani ya ramani.

Pamoja na jeni, watu wa Tanzania wamezoea neno jingine: vinasaba. Neno hili lina nguvu kwa kuwa limetoka katika nasaba, neno tulilolipata katika Kiarabu na ambalo kila mzee wa Jang'ombe analijua. Tanzania ilitunga mwaka 2009 sheria inayohusu vinasaba vya binadamu, na magazeti hulitumia neno hilo kila siku yanapoeleza kesi za kutambua mzazi wa mtoto au mwili wa marehemu. Kwa mambo hayo neno linafaa, maana yanahusu ukoo hasa.

Lakini uzuri wake ndio hatari yake. Nasaba ni jambo la heshima na la aibu pia. Wakati wa posa huulizwa: watu hao ni wa nasaba gani? Mtu akiambiwa kwamba ana kinasaba cha saratani, atafahamu kwamba saratani imo katika ukoo wake, kwamba mama yake alimrithisha, na kwamba binti yake ataipata. Huenda hayo yote si kweli. Jeni nyingi zinazotajwa katika maandishi ya tiba ni za watu wote, wazima na wagonjwa. Wanachopima wataalamu mara nyingi ni kiasi cha kazi inayofanywa na jeni hizo, wala si kuwapo kwake.

Mfano mzuri ni kiseyeye hicho hicho. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C wenyewe miilini mwao. Binadamu hawezi, kwa sababu jeni inayohitajika kwa kazi hiyo iliharibika zama za kale na imebaki kama gofu. Kila mmoja wetu amerithi gofu hilo kutoka kwa wazee wake wote, na bado hatuna kiseyeye, maadamu tunapata matunda na mboga. Kurithi jeni na kuugua si jambo moja.

4. Jeni iitwayo CTHRC1

Sasa tuiangalie jeni moja iliyo karibu na kolajeni, ambayo inatajwa sana katika uchunguzi wa miaka ya karibuni. Jina lake ni herufi na tarakimu tu, CTHRC1, na maana ya herufi hizo ni kwamba protini yake ina marudio ya msokoto-tatu wa kolajeni. Protini hiyo yenyewe si kolajeni. Ina kipande kifupi tu kinachofanana na kolajeni. Ilielezwa mwaka 2005 na watafiti wa jimbo la Maine, Marekani, waliokuwa wakichunguza mishipa ya damu ya panya. Katika mshipa mzima jeni hiyo haikuonekana kufanya kazi. Mshipa ulipojeruhiwa, iliamka. Seli zikaanza kusogea kuelekea jerahani, na kolajeni iliyowekwa ikapungua.

Tangu hapo kazi ya jeni hiyo imeonekana kuzidi katika saratani kadhaa, zikiwamo za matiti, tumbo, ini na kongosho. Imepimwa pia katika damu ya wagonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza mapafu yaliyojaa makovu waligundua kundi la seli zinazotengeneza kolajeni kwa wingi kuliko nyingine, na mojawapo ya alama za kulitambua kundi hilo ni jeni hiyo hiyo.

Hapa mfasiri anapaswa kusimama na kusoma tena. Mwaka 2005 jeni hii ilihusishwa na kupungua kwa kolajeni. Mwaka 2020 ilikuwa alama ya seli zinazoitoa kolajeni kwa wingi. Hakuna lazima ya kusema kwamba taarifa moja ni ya uongo. Kitu chaweza kuonekana mahali pa msiba bila kuwa ndicho kilichouleta. Askari wa zimamoto huonekana kila palipo moto. Anayetafuta moto na awafuate, lakini asiseme kwamba wao ndio wachomaji. Jeni hii ni alama yenye manufaa. Kama ni sababu, katika ugonjwa upi na kwa njia ipi, hilo ni swali jingine linalohitaji ushahidi wake. Na kama dawa inayoizuia itamfaa mgonjwa, hilo ni swali la tatu, nalo lingali katika hatua ya uchunguzi.

Mfasiri akiandika kwamba wataalamu wamegundua jeni inayosababisha saratani na dawa yake, atakuwa ameyajibu maswali yote matatu kwa kalamu yake mwenyewe.

5. Kichocho, mfano wa nyumbani

Ili maneno haya yasionekane kuwa ya maabara za ng'ambo tu, tuutazame ugonjwa unaojulikana Unguja na Pemba. Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo unaokulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha ukaingia ngozini mwa mtu anayeoga au kufua mtoni. Sehemu kama Chaani na Kinyasini, kaskazini ya Unguja, zimechunguzwa kwa miaka mingi kwa ajili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Zanzibar ilianza mpango mkubwa wa kuutokomeza kwa kugawa dawa ya prazikwanteli, kupambana na konokono, na kuwaelimisha watoto wa skuli.

Mtoto anapokojoa damu, mnyoo siye unaomdhuru moja kwa moja. Mnyoo hutaga mayai, na mayai mengine hukwama katika ukuta wa kibofu. Mwili huyazungushia seli za ulinzi, kisha huyafunika kwa kolajeni. Kovu juu ya kovu, kibofu hukakamaa. Baada ya miaka mingi huweza kuzuka saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliuweka ugonjwa huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Basi tuyapange maneno yetu. Sababu ni mnyoo na mayai yake. Kiashirio ni damu katika mkojo, ambayo hupimwa kwa kijikaratasi hata isipoonekana kwa macho. Shabaha ya dawa ni mnyoo uliokomaa, maana ndio prazikwanteli inaoua. Kolajeni ya kovu ni madhara. Dawa ile haikuundwa kulifumua kovu la miaka mingi. Mzazi asiyeelezwa tofauti hii atauliza kwa nini mwanawe alikunywa dawa na bado anaumwa, na huenda akaacha kumpeleka mtoto mara ya pili. Neno lililokosewa huzaa mtoto asiyetibiwa.

Kuna pia dawa zinazolenga kovu lenyewe. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha mbili, pirfenidoni na nintedanibu, kwa aina moja ya ukakamavu wa mapafu. Hupunguza mwendo wa kovu, wala haziliondoi. Mfasiri wa maelezo ya dawa kama hizo asitumie kitenzi cha kuponya.

Tena kuna jeni ambazo kweli huhusu urithi. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa Sudan kuhusu kichocho cha matumbo, ambacho kwetu hupatikana kandokando ya Ziwa Victoria, ulionyesha kwamba hatari ya kupata makovu makali ya ini ilifuata koo, na ikahusishwa na sehemu moja ya kromosomu ya 6. Hapo neno la nasaba lina haki yake. Ndiyo maana tunasema kwamba kabla ya kuchagua neno, mfasiri aulize: matini hii inazungumzia jeni aliyoirithi mtu, au kazi ya jeni ambayo kila mtu anayo?

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza matumizi yafuatayo, tukianza na maneno yaliyomo katika lugha na kukopa pale tu inapolazimu.

(a) Jeni litumike kwa kila maagizo ya urithi yaliyo katika seli. Vinasaba libaki katika mambo ya utambulisho na ukoo, kama lilivyozoeleka katika sheria na magazeti.

(b) Utendaji wa jeni litumike pale kinachopimwa ni kiasi cha kazi ya jeni. Isemwe kwamba utendaji wa jeni umezidi. Isisemwe kwamba mgonjwa ana jeni hiyo.

(c) Dalili libaki kwa kile anachokihisi au kukiona mgonjwa mwenyewe. Kiashirio liwe kile kinachopimwa na mtaalamu, katika damu, mkojo au kipande cha nyama ya mwili. Alama laweza kutumika katika mazungumzo.

(d) Shabaha ya dawa ni bora kuliko lengo la dawa. Lengo la dawa ni kumponya mgonjwa. Shabaha ni pale mshale unapoelekezwa. Ni kweli kwamba shabaha nalo hutumika kwa maana ya nia, lakini katika kauli ya kupiga shabaha kila mtu anaielewa.

(e) Kisababishi lisitumike ila pale matini ya asili inapothibitisha sababu. Matini ikisema kitu kinahusiana na ugonjwa, tafsiri nayo iseme kinahusiana, bila kuongeza.

(f) Ukovu litumike kwa hali ya kiungo cha ndani kujaa kolajeni na kukakamaa, na kovu libaki kwa alama yenyewe ya jeraha.

Hitimisho

Tumeona kwamba pwani hii iliijua dalili ya upungufu wa kolajeni, na iliwapa wageni dawa yake, karne nyingi kabla ya jina kolajeni kuwapo. Wasichokuwa nacho watu wa mwaka 1498, wenyeji na wageni, ni maneno ya kutenganisha alama na sababu, na kwa hiyo hewa ya Mombasa ikapewa sifa ya machungwa. Sisi tunayo maneno hayo. Yaliyobaki ni kuyatumia kwa uangalifu, hasa katika karatasi ambazo mgonjwa hutakiwa azitie sahihi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na maafisa wa wizara wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na watuletee maoni. Tungependa hasa kusikia juu ya neno ukovu, ambalo bado ni changa, na juu ya maneno yanayotumika katika lahaja za Pemba, Makunduchi, Tumbatu na Mrima kwa ajili ya kovu lililofura au lililokakamaa. Huenda neno lililo bora zaidi liko katika lahaja mojawapo, na halijafika mezani petu.